Maswali na Majibu: Kasi ya Intaneti Inapotelea Wapi Nyumbani?

Barua nyingi za safari hii ni za intaneti ya nyumbani, na zimetoka Unguja na Pemba. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa na wengine. Karibu kila mwandishi ameshashauriwa kununua kifurushi kikubwa zaidi, na karibu hakuna aliyeshauriwa kupima. Intaneti inapita njia ndefu: nguzo au mnara, waya wa kuingia ndani, ruta, hewa ya chumbani, mpaka simu iliyo mkononi. Kipande kimoja kikiwa kibovu, pesa za kifurushi zinaishia hapo.

Asalaam aleikum. Nyumba yetu ni ya zamani, ghorofa mbili. Mkongo umeingia chini karibu na mlango, kifurushi ni cha Mbps 20 (megabiti 20 kwa sekunde). Ukumbi wa chini simu inapata 18, lakini juu wanakolala watoto haipiti 2, na chumba cha nyuma haishiki kabisa. Fundi ananambia nihamie Mbps 50. Nihamie?
*Msomaji, Mkunazini*

Waaleikumu salaam. Usihamie. Ukipata 18 chini kwa kifurushi cha 20, laini yako ni nzima. Hizo mbili zilizopungua ni gharama ya kawaida ya kufunga na kusafirisha data. Hata ukilipia 50, watoto juu watabaki na 2 ileile, kwa sababu kinachowazuia ni ukuta.

Ili uwe na hakika, unganisha kompyuta na ruta kwa waya, zima waifai ya kompyuta, kisha pima kasi asubuhi, mchana, na baina ya saa mbili na saa nne usiku. Namba za waya ndizo za laini. Namba za simu ni za laini pamoja na hewa ya nyumba, na watu wengi huzichanganya.

Kuta za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe na chokaa, na unene wa nusu mita au zaidi ni jambo la kawaida. Dari nazo ni boriti za mikoko zilizopangwa karibu karibu na kujazwa mawe na chokaa juu yake. Chokaa hunyonya maji, na ukuta wenye unyevu unakula mawimbi kuliko ukuta mkavu, ndiyo maana wengine wanaona waifai inazidi kudhoofika wakati wa masika. Mawimbi ya waifai yaliyozoeleka ni ya aina mbili: ya GHz 5 yana kasi lakini yakikuta ukuta kama huo hayafiki mbali. Ya GHz 2.4 yanapenya zaidi, ila mitaa ile imebanana na kila nyumba ina ruta yake, kwa hiyo mnagombania nafasi ileile.

Dawa ni kupandisha waya, si mawimbi. Nunua waya wa mtandao wa daraja la Cat5e au Cat6, na uangalie usiuziwe alumini iliyopakwa shaba. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiwa mwekundu nje na mweupe ndani, urudishe. Alumini hukatika mahali inapokunjwa, na kwa hewa yetu ya chumvi ncha zake huharibika haraka. Upitishe kwenye uwazi wa ngazi au ua wa ndani, ukifuata boriti, na usizidi mita 100 kutoka ncha hadi ncha. Ikibidi upite nje, chukua wenye ganda jeusi la nje, kwani ganda la kawaida la ndani hupasuka kwa jua. Na kabla ya kutoboa ukuta wa nje au kuning'iniza kitu mbele ya nyumba, zungumza na Mamlaka ya Mji Mkongwe, kwani nyumba hizo ziko ndani ya eneo la urithi wa dunia tangu 2000.

Ncha zote mbili zibanwe kwa mpangilio mmoja: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Ukimaliza, tazama kompyuta imeunganika kwa kiwango gani. Ikiandika 100 pahala pa 1000 ilhali vifaa vyote vinaweza 1000, kuna uzi haukushika. Kwa kifurushi cha 20 hutaona upungufu leo, lakini bana upya, kwani ncha iliyoshika nusu ndiyo huja kukatika ovyo baada ya miezi.

Juu weka ruta ya pili. Hata ya zamani inafaa. Ipe anwani tafauti na ya chini, kwa mfano ya chini ikiwa 192.168.1.1, ya juu iwe 192.168.1.2. Zima DHCP kwenye ya juu, yaani kazi ya kugawa anwani, ibaki kwa ruta ya chini peke yake. Waya uingie tundu la LAN, yaani la vifaa vya nyumbani, kwa pande zote mbili. Ukiuchomeka tundu la WAN, yaani la intaneti inayoingia, utapata mtandao ndani ya mtandao, na printa ya chini haitaonekana juu. Jina la waifai na neno la siri viwe sawa, ila chaneli za GHz 2.4, yaani vijia ndani ya mawimbi hayo, zitafautiane: chini 1, juu 6 au 11. Tumetaja tatu hizo kwa sababu hizo tu ndizo zisizoingiliana. Upana wa chaneli uwe MHz 20. Ukiweka 40 katika mtaa uliobanana unajiongezea kelele za majirani.

Fundi akikupendekezea ripita ya kuchomeka ukutani, jua kwamba nyingi hupokea na kurusha kwa chaneli ileile, hivyo kasi hupungua karibu nusu papo hapo. Ikiwa huna budi, usiiweke kwenye chumba kisichoshika. Iweke katikati ya njia, pale ambapo simu bado inapata mawimbi mazuri. Ripita hairudii ila ilichokisikia.

Nina laini ya simu ya waya wa shaba na modemu. Mvua ikinyesha intaneti inakatika kila baada ya dakika chache, na simu inakwaruza. Kukikauka, inarudi. Cha ajabu, mara nyengine nikipiga simu intaneti inatengemaa. Tatizo ni modemu?
*Msomaji, Chake Chake*

Dalili ulizozitaja zinaelekeza kwenye kiungo cha waya kilichoingia maji, na hilo la kutengemaa ukipiga simu ndilo ushahidi mkubwa. Viungo viwili vya shaba vilivyoshika kutu ya kijani vinakuwa na utando unaozuia mkondo mdogo wa umeme. Unapoinua simu, mkondo mkubwa zaidi unapita, unautoboa utando kwa muda, na intaneti inapumua. Saa chache baadaye utando unajijenga tena.

Anza na sikio. Inua simu, bonyeza namba moja ili mlio unyamaze, sikiliza. Laini nzima iko kimya kabisa. Mkwaruzo au mvumo unaosikia hapo ndio huohuo unaopambana na intaneti.

Kisha itafute soketi ya mwanzo, ile ambayo waya wa nguzoni unaingilia. Chomoa simu zote, faksi na waya zinazokwenda vyumba vyengine, na uchomeke modemu peke yake hapo kwa waya wake mfupi. Tatizo likiondoka, ubovu uko ndani ya nyumba na ni wako kuutengeneza. Likibaki, liko nje na ni la kampuni. Jaribio hili la robo saa linamaliza ubishi wote baina yako na fundi wao.

Modemu nayo inazungumza, ila watu hawaisomi. Fungua ukurasa wake kwenye kompyuta, utaona namba mbili za desibeli. Ya kwanza ni nafasi iliyobaki juu ya kelele, mara nyingi imeandikwa SNR. Ikiwa chini ya 6 laini haina utulivu. 6 hadi 10 inakwenda. Zaidi ya hapo ni nzuri. Iandike siku kavu, uiandike tena mvua ikinyesha. Ikishuka kutoka 11 hadi 4, umepata cha kumuonesha fundi. Ya pili ni upungufu wa mawimbi njiani, na hiyo hutegemea umbali hadi kwenye mtambo wa kampuni ya simu. Umbali huo haurekebishiki: kwa ADSL2+, aina ya intaneti inayopita kwenye waya wa simu, aliye ndani ya kilomita moja na nusu anaweza kukaribia Mbps 20, wa kilomita tatu ataridhika na takriban 8, na wa kilomita tano akipata 2 au zaidi kidogo ndiyo haki yake.

Ndani ya nyumba, haya ndiyo ya kurekebisha. Kila simu iwe na kichujio chake, kile kidude cha kutenganisha sauti na intaneti. Moja tu isiyo nacho inatosha kuchafua laini nzima. Waya wa ziada unaokwenda chumba kisichotumika uufungue kabisa kwenye soketi, usiuache unaning'inia, kwa sababu mawimbi hufika mwisho wake, yakarudi na kugongana na yale yanayokuja. Waya bapa mrefu baina ya soketi na modemu uubadilishe kwa uliosokotwa, mfupi kadiri iwezekanavyo. Viungo vya kusokota kwa mkono na kufunga utepe viondoe, utumie vibanio vyenye jeli ndani, ambayo huzuia maji na hewa. Na waya unapoingia ukutani kutoka nje, uache uning'inie kidogo chini ya tundu ndipo upande kuingia, ili maji yadondokee hapo yasifuate waya hadi kwenye soketi.

Tahadhari: laini iliyotulia ina volti 48 hivi, lakini simu inapoita hupanda hadi 75 au 90, na inatosha kukurusha kwenye ngazi. Usishike shaba tupu kwa mikono yenye maji. Radi zikianza, chomoa waya wa simu pamoja na wa umeme. Kuchomoa umeme peke yake hakuiokoi modemu.

Kuna kelele nyengine isiyohusu mvua. Washa redio ndogo ya betri, weka AM mahali pasipo na stesheni, ipitishe karibu na chaja, taa za LED na king'amuzi cha televisheni. Kitakachoifanya ivume sana kitenge na waya wa simu, au kizime ujaribu tena. Chaja za bei nafuu ndizo wakosaji wakubwa.

Na usizime na kuwasha modemu kila inapokatika. Baadhi ya mitambo ikiona laini inakatika mara nyingi huipunguzia kasi yenyewe ili itulie, na huchukua siku kadhaa kuirudisha. Piga ripoti, taja tarehe, saa na zile namba mbili, na uombe wakague viungo vya kwenye nguzo au wakuhamishie jozi nyengine ya waya.

Kifurushi kinasema 20, lakini nikipakua faili simu inaonesha 2.4. Naibiwa?
*Msomaji, Bububu*

Huibiwi. Kampuni zinauza kwa megabiti, simu inahesabu kwa megabaiti, na megabaiti moja ni megabiti nane. Gawanya 20 kwa 8 upate 2.5. Uko sawa kabisa.

Shikamooni. Tuna nyumba ndogo ya wageni, tunatumia ruta ya 4G ya laini. Alfajiri inakwenda vizuri, usiku wageni wanalalamika. Nimeambiwa ninunue antena ya juu ya paa. Itasaidia?
*Msomaji, Jambiani*

Marahaba. Inategemea namba mbili zilizomo kwenye ukurasa wa ruta yako. RSRP ni nguvu ya mawimbi: -80 ni nzuri sana, -100 ni dhaifu, -110 ni taabu. SINR ni usafi wake: 20 ni safi, chini ya 5 ni vurugu. Tazama zote mbili alfajiri na saa tatu usiku. Zikiwa hazikubadilika sana ilhali kasi imeanguka, mnara umezidiwa na watu, na antena hiyo itakula pesa bure. Hapo jaribu laini ya kampuni nyengine kwa kifurushi cha siku moja kabla ya kujifunga kwa mwezi, au chagua bendi nyengine, yaani masafa mengine ya mawimbi, ikiwa ruta inaruhusu. Bendi za chini kama MHz 700 na 800 zinafika mbali. Za 1800 na kuendelea hubeba zaidi ukiwa karibu.

Zikiwa dhaifu muda wote, kwanza itoe ruta chini ya bati. Bati huzuia mawimbi vibaya sana, na tangi la maji lililojaa nalo si jirani mwema. Iweke dirishani upande wa mnara, zunguka nayo pembe zote za nyumba, uipe dakika mbili kila mahali na uandike namba. Tafuta SINR ya juu hata kama RSRP imepungua kidogo.

Ukifika kwenye antena, chagua yenye waya mbili, kwani 4G hutumia mikondo miwili kwa pamoja, na ya waya mmoja inakuacha na nusu ya faida. Kosa kubwa tunaloliona ni urefu na wembamba wa kebo. Kebo nyembamba aina ya RG58 hupoteza takriban desibeli 0.8 kwa kila mita katika MHz 1800. Mita 10 zinameza 8, na antena yako ilikuwa ya kuongeza 9. Umepanda paa kwa desibeli moja. Kebo nene aina ya LMR-400 hupoteza takriban 2 kwa urefu huohuo. Bora zaidi ni ruta ya nje yenyewe, inayokaa juu ya nguzo na kushusha waya wa mtandao unaobeba na umeme wake, maana data kwenye waya huo haipungui kwa mita 30 au 50.

Igeuze antena kidogo kidogo, nyuzi 10 kila mara, usubiri dakika moja ndipo usome. Ipandishe juu ya makuti ya minazi ikiwezekana. Majani yaliyoloa maji huzuia sana, na mnazi unaoyumba kwa upepo wa kusi huifanya kasi ipande na kushuka bila sababu inayoonekana. Skrubu na vishikio viwe vya chuma kisichoshika kutu, kwani pwani ile vya kawaida havimalizi misimu miwili. Viungo vya kebo vifungwe utepe wa mpira unaojishika wenyewe, ukianzia chini kwenda juu ili kila mzunguko ufunike ulio chini yake kama makuti ya paa.

Usinunue vile vikuza mawimbi vya simu vinavyouzwa bila vibali. Vinaweza kuuvuruga mnara mzima na majirani wote wakakosa, na vifaa vya kurusha mawimbi vinahitaji idhini ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

Kisanduku cha mkongo kinawaka taa nyekundu iliyoandikwa LOS. Watoto walisogeza kabati. Naweza kutengeneza mwenyewe?
*Msomaji, Fuoni*

Taa hiyo maana yake mwanga haufiki. Zima kisanduku, fuata waya mwembamba kutoka ukutani, utafute mahali ulipobanwa au kukunjwa. Mkongo unataka mzunguko mpana. Usiukunje chini ya sentimita 3 kutoka katikati ya duara hadi ukingoni. Ukiwa umekunjika tu, unyooshe, uwashe kisanduku, na mara nyingi taa nyekundu inazimika.

Ukiwa umevunjika, usihangaike na utepe. Nyuzi hizo ni kioo na huunganishwa kwa mashine ya kuyeyusha. Usiangalie ndani ya ncha, mwanga wake hauonekani lakini unadhuru jicho. Ukinunuliwa waya mpya, ncha ya kijani iende na tundu la kijani. Kijani na buluu zimechongwa kwa pembe tafauti na hazikutani sawasawa. Baada ya matengenezo fungua ukurasa wa kisanduku usome nguvu ya mwanga unaoingia: baina ya -15 na -25 dBm ni salama, ikifika -27 iko ukingoni, na fundi asiondoke.

Nafundisha kwa video jioni. Kasi ya kupakua ni 15, lakini sauti inakatika kila watoto wanapokuwa nyumbani. Kwa nini?
*Mwalimu wa skuli, Wete*

Mwalimu, tazama kasi ya kupandisha, si ya kupakua. Laini nyingi za nyumbani hupandisha kwa kasi ndogo sana kuliko zinavyopakua. Simu za watoto zikirudi nyumbani huanza kupeleka picha na video kwenye hifadhi ya mbali, foleni inajaa kwenye ruta, na sauti yako inasimama nyuma yake.

Thibitisha hivi: kwenye kompyuta andika ping 8.8.8.8 (kwa Windows, ping -t 8.8.8.8) na uache ikimbie. Kukiwa kimya utaona namba fulani ya milisekunde, yaani muda wa data kwenda na kurudi. Mtu mmoja apandishe video. Ikiruka kutoka 60 hadi 500 au 800, umeipata. Ikiwa ruta ina sehemu ya kudhibiti foleni, inayoitwa SQM au QoS, weka kikomo cha kupandisha kwenye asilimia 85 hadi 90 ya ulichopima. Ukipima Mbps 2, weka 1.7. Utapoteza kidogo na sauti itatulia. Ruta isiyo na sehemu hiyo, weka simu zipandishe picha usiku wa manane, na wewe ukae kwenye waya.

Siku nyengine ubovu hauko nyumbani wala kisiwani. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilikatika, na Tanzania nzima ikasuasua. Siku kama hizo usiguse mipangilio ya ruta; utaiharibu iliyo nzima.

Umeme ukikatika tunakosa intaneti, na ukirudi ruta ya kwanza iliungua. Nifanyeje?
*Msomaji, Mwanakwerekwe*

Umeme unaporudi ndipo hatari ilipo. Chomoa ukikatika, usubiri dakika tano baada ya kurudi. Au tumia betri ya volti 12 yenye saa-ampia 7 pamoja na chaja yake: ina wati-saa 84, tumia nusu ili isife mapema, na kwa ruta na kisanduku cha mkongo vinavyokula wati 15 pamoja utapata karibu saa tatu. Kwanza soma maandishi ya nyuma ya kila kifaa. Si vyote vya volti 12, vipo vya 9 na vya 5, na alama ya jumlisha iwe katikati ya plagi kama mchoro unavyoonesha. Ukigeuza, utaunguza ya pili.